Barua ya wazi kwa waandaaji wa tamasha letu la filamu: tuwekeeni Kiswahili, na muanze kwa saa mliyopanga

Ndugu zangu mnaoandaa tamasha la filamu hapa Arusha, pamoja nanyi wakubwa mnaowapa vibali, kumbi na fedha,

Wakubwa kwangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nina duka la steshenari Ngarenaro. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu: za kuomba kazi, za kuhamisha mtoto shule, za ugomvi wa mipaka ya viwanja. Mwaka wa kumi na moja huu nachapa shida za wenzangu. Hii ni ya kwangu, na nimeiweka wazi kwa sababu tamasha lenu mlilifanya mbele ya watu, na tuliokuja tulikuwa wengi.

Mwaka huu nilihudhuria siku nne kati ya tano. Siku moja niliyoikosa mwanangu alishikwa na homa. Siku zote hizo nne nilifunga duka saa saba mchana, na kila mwenye duka dogo anajua hasara ya kufunga saa saba. Sijutii. Napenda filamu tangu sijajua kusoma, na sikuwahi kupata mahali hapa mjini pa kukaa jioni nzima nikitazama watu wa Burkina Faso, wa Misri na wa Mbulu, halafu nikitoka nje nikutane na mtu niliyekaa naye tubishane kuhusu tulichokiona. Hilo mmetupa ninyi, na nawashukuru kwa moyo wote.

Nianze na usiku wa Ijumaa, maana ndio ulionifanya niandike. Ilikuwa pale kiwanja cha wazi. Baridi ya Julai mnaijua: watu wamejifunika shuka za Kimasai wawili wawili, wengine wamevaa majaketi ya mitumba mpaka puani, wauza mahindi ya kuchoma wamejipanga ukutani na majiko yao. Mbele yangu kulikuwa na mtoto wa miaka kama sita. Mwanamke wa kwenye filamu aliponyoosha mkono kushika kitasa, yule mtoto alisimama juu ya kiti cha plastiki akapiga kelele, "Mama, usifungue! Yuko nyuma ya mlango!" Kiwanja kizima kikamuunga mkono. Tukawa wazima na akili zetu tunamkataza mtu wa kwenye skrini asifungue mlango. Akafungua. Ule mguno ulianzia viti vya mbele ukaenda mpaka kwa wauza mahindi, na mmoja wao aliacha gunzi likaungua.

Filamu ile ilikuwa ya Kiswahili. Ilianza saa moja na nusu usiku, kama ratiba ilivyosema. Katika zote nilizoziona kwa siku nne, ni hiyo peke yake iliyokuwa na hayo mawili kwa pamoja, na ni hiyo peke yake iliyojaza watu mpaka wa kusimama.

Sasa niwaambie kuhusu Alhamisi.

Alhamisi nilikuja na jirani yangu, anauza ndizi soko la Kilombero. Umri wake ni wa mama yangu mzazi na mimi humwita mama. Nilimsumbua wiki nzima aje. Filamu ilikuwa ya wafugaji wa Afrika Magharibi. Wanazungumza lugha yao, na chini pamewekwa maandishi ya Kiingereza. Mama aliishia darasa la saba, Kiingereza hakijui.

Mwanzoni alikuwa ananizidi kuelewa. Kulikuwa na sehemu ya mnadani, mzee anauza ng'ombe apate ada ya binti yake. Mnunuzi anamzunguka ng'ombe, anamwangalia meno, anashika mkia, anageuka kama anayetaka kuondoka. Mama akaninong'oneza, "Anampunja huyo. Ng'ombe ameshampenda. Mwangalie mkono, haujatoka mgongoni kwa ng'ombe." Nikaangalia. Kweli, mwili wote ulikuwa umegeuka, mkono umebaki pale pale. Mimi niliyekuwa nakimbizana na maandishi nisingeuona ule mkono. Aliuona mtu aliyekaa sokoni miaka thelathini.

Halafu baba na binti wakaingia ndani kuzungumza. Nyuso mbili na kibatari, dakika kumi au zaidi, maneno matupu. Mama akanigusa. "Mwanangu, mzee anasema nini?" Nikaanza kumtafsiria kwa kunong'ona. Nikasikia viti vinasogea nyuma yetu. Mtu mmoja akainama, akaja wa pili, kijana wa pembeni akahamia kiti cha karibu. Binti alipoanza kumjibu baba yake tulikuwa watu sita au saba tumekusanya vichwa kama tunaota moto. Mhudumu mmoja akaja akatumulika tochi, akatuomba kwa adabu tunyamaze tusiwasumbue wengine. Hakukosea, ukumbini watu hunyamaza. Lakini nilitazama kulia na kushoto: safu ile nzima, hao wengine ndio sisi tulionong'ona.

Mama alikaa kama dakika tano zaidi. Akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Ngoja mimi nitangulie nikapike, utakuja kunisimulia." Nilimsimulia jioni ile pale uani kwake. Nilijitahidi. Binti alivyomjibu baba yake, kile kimya chake kabla ya kujibu, sikuweza kukisimulia.

Ndugu zangu, filamu yetu ya *Vuta N'kuvute* ilipokwenda kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, Mkanada hakutakiwa ajifunze kwanza Kiswahili. Aliwekewa tafsiri chini akaelewa, na ndivyo inavyofanyika duniani kote: filamu ikienda kwa wenyeji, inasemeshwa lugha ya wenyeji. Hapa kwetu filamu inatoka Senegali, inatoka Iran, inapita kwa Mwingereza ndipo inafika Arusha, na ikifika inabaki pale pale kwa Mwingereza. Mwaka huo huo wa 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tamasha letu ni la Julai. Nadhani hapo sina haja ya kuongeza neno.

Mji huu umezoea kuwa mandhari ya filamu za watu. Ile *Hatari!* ya John Wayne, iliyotoka mwaka 1962, picha zake za nje zilipigwa huku kwetu kaskazini, Momella ikiwemo. Jina wakachukua la Kiswahili, mazungumzo yakawa yao. Sina ugomvi na filamu ile; babu yangu aliwahi kuwaona kwa macho wakikimbiza magari porini na alisimulia mpaka anazikwa. Ila ile ilikuwa kazi ya wageni. Tamasha ni letu.

Na watazamaji mnao. Naomba mliamini hili, maana mara nyingi nimesikia kwenye majukwaa kwamba watu wetu hawana utamaduni wa kuangalia filamu. Mjomba wangu alikuwa akinihadithia sinema ya Metropole hapa Arusha na Plaza ya Moshi: Jumapili watu wamevaa nguo za sikukuu, foleni mpaka barabarani, filamu ya Kihindi. Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo picha inayotembea ulikuwa unaifuata sinema kwa miguu yako. Mtaniuliza, mbona hao hawakujua Kihindi na walielewa? Nilimuuliza mjomba swali hilo hilo. Alinijibu kwamba filamu moja aliirudia mara nne, na kwamba kila safu haikosi mtu aliyekwisha kuiona anayewaeleza wenzake. Tamasha lenu linaonyesha filamu mara moja tu. Hakuna aliyekwisha kuiona.

Mimi mwenyewe nimekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani. Bao la kukalia, turubai, joto la watu, televisheni moja juu ya kabati na sauti ya Lufufu ikitafsiri. Kila mtu wa rika langu anaijua sauti ile. Filamu ya Kichina, ya Marekani, ya Nijeria, yote ilitufikia kwa Kiswahili, na Lufufu hakutafsiri tu maneno. Alikuambia huyu ni nani, ana kisa gani na yule, na kwa nini ugomvi umeanza. Watoto wa Ngarenaro, Unga Limited na Sombetini walisoma filamu pale kwa shilingi mia mia. Hao leo ni madereva, mafundi, walimu, mama wa nyumbani. Ndio tuliokusanya vichwa Alhamisi tukinong'onezana.

Basi kwa nini tamasha lisimwite mtafsiri wa kibandani akae pembeni ya skrini na maiki, filamu mbili au tatu, usiku ule wa kiwanja cha wazi? Aipate filamu wiki mbili kabla, aiangalie, azungumze na mwenye filamu ikiwezekana. Najua wapo waongozaji ambao hawatakubali sauti ya mtu mwingine juu ya kazi yao, na wana haki hiyo. Filamu za hao wekeeni maandishi ya Kiswahili. Nimeuliza na nimejifunza inavyofanyika: ni faili dogo la maandishi matupu, lenye namba, dakika na sekunde ya maneno kutokea, ya kuondoka, na maneno yenyewe. Linafunguka kwenye kompyuta yoyote, hata hii yangu ya dukani. Kazi ngumu ni kubana, maana maneno yetu ni marefu na jicho la msomaji halisubiri. Lakini watu wa kubana maneno tunao. Uwanja mkubwa wa mji huu unaitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyetuandikia sheria za utungaji wa mashairi. Mji wenye uwanja wa mshairi utakosa watu wa kupima mizani?

Hilo la lugha ndilo kubwa kwangu. La pili ni saa, na giza.

Jumatano saa nane mchana kulikuwa na filamu fupi za vijana wa hapa. Jumatano, saa nane, watu wako kazini. Niliwahesabu waliokuwepo: kumi na mmoja, na wanne walikuwa wenzake kijana mmoja mwenye filamu. Yake ilikuwa ya dakika 18, kuhusu wachimbaji wa Mirerani. Sehemu ya mwisho yote inatokea chini ya ardhi, hakuna mwanga ila tochi ya kichwani. Ukumbi mliompa una madirisha makubwa ya upande wa magharibi na mapazia mepesi ya rangi ya maziwa. Saa nane jua lote linaingia mle. Tulichokiona ni kitambaa cheupe chenye madoa ya kijivu. Sauti za nyundo tulizisikia, watu wakihema tuliwasikia, mtu akaita jina mara tatu, kisha kimya, majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Na kwa muda mrefu mshale wa kompyuta ulikuwa umekaa katikati ya skrini, hakuna aliyeusogeza.

Zilipokwisha hakuitwa mbele azungumze, kwa kuwa ukumbi ulikuwa unatakiwa kwa semina. Nilimkuta barazani anakunja waya zake. Alinisalimia, akaniuliza, "Dada, mwisho ulionaje? Pale anapozima tochi?"

Sikujua kama aliizima. Nilimwambia ukweli kwamba sikuona. Aliitikia kwa kichwa akaendelea kukunja waya. Baadaye aliniambia ile sehemu waliipiga siku tatu, tochi tatu ziliharibika kwa vumbi.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mtu amekwenda mpaka chini ya ardhi kutuletea giza, na sisi tumeshindwa kumpa giza la dakika 18. Kitambaa cheusi kinauzwa Soko Kuu kwa mita. Mafundi wa kukishona wako pale pale nje kwenye veranda. Na kama kitambaa hakipo, basi filamu za vijana wa nyumbani ziwekwe usiku, ule wakati mnaowapa wageni, tuzione na wazazi wao wazione.

Jumamosi ya kufunga ilinivunja moyo kwa njia nyingine. Ratiba ilisema filamu kuu saa moja usiku. Saa moja tulikuwa tumekaa, ukumbi umejaa. Mgeni rasmi alifika saa mbili kasoro. MC akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha zikafuata salamu za huyu, salamu za yule, hotuba, majibu ya hotuba, vyeti, picha za pamoja za makundi manne. Saa tatu na robo watu wakaanza kuinuka. Mnajua kwa nini. Vifodi, zile daladala ndogo, vya Kwa Mrombo, vya Sakina na vya Tengeru havimsubiri mtu usiku kucha, na bodaboda wakishaona umati umetoka bei inakuwa nyingine. Nilimwona baba mmoja na binti zake wawili, wamevaa vizuri, mdogo amelala begani, wanatoka mlangoni huku taa ndiyo kwanza zinazimwa. Filamu ilianza saa tatu na nusu. Kiingilio kilikuwa bure, lakini mimi kurudi nyumbani nililipa elfu saba.

Siwadharau wageni rasmi; bila wao najua kuna vibali visivyotoka na fedha zisizopatikana. Naomba tu wazungumze baada ya filamu. Mheshimiwa aione filamu pamoja nasi, halafu asimame aseme alichokiona. Atasikilizwa kweli, na anayewahi gari ataondoka akiwa ameshapata kilichomleta.

Yapo mengine ambayo sitayachambua sana. Spika za ukumbi mdogo zina mwangwi, maneno hayashikiki. Ratiba iliwekwa mtandaoni tu. Ubandikeni ukurasa mmoja stendi ndogo na Kilombero, mtaona watakaosimama kuusoma. Choo cha wanawake kilikuwa kimefungwa Alhamisi yote.

Halafu hili la kuwafuata watu. Tamasha la Zanzibar, ambalo limekuwa likifanyika tangu 1998, linajulikana kwa jukwaa la wazi la Ngome Kongwe, lakini halikuishia Mji Mkongwe. Lilipeleka filamu mpaka vijijini, Unguja na Pemba. Sisi Sombetini iko dakika ishirini kutoka katikati ya mji. Skrini ya kukunja, projekta, spika mbili na jenereta vinaenea kwenye gari dogo la mizigo. Kiwanja cha shule kipo. Usiku mmoja kwa kila kata mnayoiweza, hata zikiwa tatu, na katika hizo tatu muipeleke ile ya Mirerani, kwenye giza lake.

Naomba sasa niseme la kwangu, nisiwe mtu wa kudai tu. Duka nafunga saa kumi na mbili jioni. Kuanzia hapo hadi saa tatu usiku nina kompyuta mbili na mikono yangu, na mikono yangu inachapa bila kuangalia. Kuna mwalimu wa Kifaransa ambaye huleta mitihani yake nimtolee kopi. Nimemweleza, amekubali kutafsiri, na kwa Kiingereza yupo dada mmoja anayesomea ualimu. Tukipewa filamu mwezi Mei, filamu mbili tutazikamilisha kwa Kiswahili kabla ya Julai, bila malipo. Maandishi tutawaletea kwenye flashi, nanyi mtamtafuta mtu wa kuyakagua.

Ila ya kwanza iwe ile ya wafugaji. Irudisheni mwakani, siku yoyote, saa moja usiku. Mama ameshaniuliza mara mbili binti alimjibu nini baba yake, na nimemwambia asubiri aone mwenyewe.

Wenu katika kupenda filamu,
Mwenye duka la steshenari, Ngarenaro, Arusha